Kamati ya Kutafuta Mahali pa Kazi

Umma wote, waliokaa na waliosimama, unatangaziwa kwamba kazi imehama. Ndivyo alivyosema Waziri Jumatatu asubuhi, kifua mbele, sauti ikivuma mpaka vioo vya ukumbi vikatetemeka. Tangu leo, alisema, kazi si mahali, kazi ni tendo. Mtumishi anaweza kulitenda ofisini, anaweza kulitenda nyumbani kwake, na akitaka anaweza kuchanganya. Huko kuchanganya kutaitwa Utaratibu Mseto wa Utendaji Tawanyifu. Watu wakapiga makofi. Jina refu namna hiyo halikosi faida ndani yake.

Aliyeshindwa kupiga makofi ni Mkurugenzi wa Idara ya Vibao. Idara hii ndiyo inayotoa vibali vya vibao vya dukani, maana serikali haiwezi kumwachia kila mwenye kibanda aandike "Karibuni" anavyojisikia. Mwisho wake watu watakaribia ovyo. Mkurugenzi alikuwa ameiongoza miaka nenda rudi, na falsafa yake ilikuwa moja tu: mahudhurio. Kazi aliiona kama moshi, ipo na haishikiki. Lakini mtu aliyeketi kitini unamwona. Ukitaka unamgusa. Kila asubuhi alipoingia, watumishi walisimama wote, viti vikalia krrr kwa pamoja, naye akajua nchi iko salama.

Wiki ya kwanza ya Utaratibu Mseto aliingia, na hakikulia hata kiti kimoja. Alikohoa. Meza zikamtazama. Akapita katikati yake akisema, "Kaeni, kaeni," kwa mazoea, kisha akajifungia ndani.

Na hilo lilikuwa dogo. Waziri alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwisho wa mwezi ataamua. Ikionekana kazi inakwenda vizuri watu wakiwa makwao, jengo la Vibao watapewa watu wa Idara ya Mizani, na Mkurugenzi "atapangiwa majukumu mengine." Mwenye masikio ya kiserikali anajua majukumu mengine ni nini. Ni kiti kwenye korido, chini ya kalenda ya mwaka juzi.

Basi akafanya kile ambacho kiongozi makini hufanya roho ikiwa juu. Akaunda kamati. Mwenyekiti yeye, na katibu Mama Muhuri, mama mmoja mpole, mtunza mihuri ya idara, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka wala akinuna.

"Mama Muhuri," akamwambia, "tutachunguza bila upendeleo wowote, na tutagundua kwamba ofisini ni bora."

"Sawa, bosi. Tuanze na kuchunguza au na kugundua?"

"Vyote kwa pamoja. Tuokoe muda."

Wakaanza na siku za ofisini. Watumishi wakaitwa wote. Wakaja wamekunjamana, mmoja kakanyagwa kiatu njiani, mwingine kaacha nusu ya mshahara kwenye nauli. Mkurugenzi akawapokea kwa kikao cha asubuhi, ambacho kazi yake ilikuwa kuandaa kikao cha mchana. Katikati ya vikao alipita meza hadi meza akiuliza, "Wewe unafanya nini?" Mtu akaanza kueleza alichokuwa akifanya, akaeleza vizuri, akaeleza kwa kirefu, mpaka akasahau alikuwa akifanya nini.

Siku hiyo alifika kinyozi mmoja aliyekuwa akingoja kibali tangu nywele za wateja wake zikiwa nyeusi.

"Wako kikaoni," Mama Muhuri akamwambia. "Wanajadili huduma kwa mwananchi."

"Mwananchi si ndiye mimi? Niingie?"

"Hapana, baba. Utavuruga mjadala."

Zikaja siku za nyumbani. Hapo Mkurugenzi akaamua kwamba mtumishi akiwa kwake asiachwe mpweke. Akaagiza kila asubuhi wote wawe mbele ya kamera, na yeye akitokea, wasimame. Wakasimama. Mmoja alikuwa na shati na tai juu, chini bukta ya kulalia. Idara ikamfahamu kwa undani zaidi. Lakini viti vya nyumbani ni vya plastiki, havilii, na Mkurugenzi hakuridhika. Akaanza kuwatembelea. Akamkuta karani wa masijala amempakata mtoto huku anaandika, na barua inakwenda vizuri tu.

"Huyu ni nani katika muundo wa idara?" akauliza.

"Mwanangu, bosi. Ana homa."

"Aandikwe kama mgeni. Na avae kitambulisho."

Mtoto akakila kitambulisho, na kikao cha kumjadili kikamaliza siku.

Baada ya ziara alirudi kwake, na huko nako kulikuwa na kazi. Mkewe ni fundi wa nguo. Sebuleni ana cherehani lake, meza ya kukatia na kioo cha wateja, na amekuwa katika Utendaji Tawanyifu tangu wiki ya harusi yao, ila hakuna waziri aliyemtangaza. Mkurugenzi akavuta kiti, akakaa kando ya cherehani, mguu juu ya mguu.

"Mbona umesimamisha uzalishaji?"

"Uzi umekatika."

"Umetoa taarifa?"

"Kwa nani tena, baba watoto?"

"Kwangu."

"Haya. Uzi umekatika."

"Nimepokea. Nitalishughulikia."

Mama wa watu akawa ameshatunga uzi mwingine. Kesho yake bibi harusi alikuja kujaribu gauni, akamkuta Mkurugenzi mlangoni na meza ya mapokezi. Akaambiwa aeleze madhumuni ya ujio wake na arudi Alhamisi. Akaenda kwa fundi wa mtaa wa pili, wala hakurudi, si Alhamisi wala siku nyingine. Mke alikunja lile gauni jeupe polepole, akaliweka juu ya kabati, akamtazama mumewe kama mtu anayechukua vipimo.

Neema ikashuka siku Mkurugenzi alipotaka kuihamisha ile meza ya mapokezi peke yake. Mgongo ukamkamata. Mke akamfungia nguo kabla hajamaliza kulia "aah," akampeleka kwa wifi yake, dada mkubwa wa Mkurugenzi, nje kabisa ya mji, simu isikoshika. "Akukande mpaka upone," akamwambia. "Upone vizuri. Usifanye haraka."

Aliporudi alishangaa. Kinyozi ana kibao, kikubwa, kina picha ya mkasi. Foleni ya vibali imekwisha. Nyumbani nguo zote zimeshonwa, na wateja wapya wamekaa mpaka ukingo wa kochi, wanacheka. Mkurugenzi akavimba kwa fahari. "Haya ni matunda ya uongozi wangu," akasema. "Nilipanda kabla sijaumwa." Akaenda mbele ya Waziri bila wasiwasi, na ili amalize kabisa mabishano, akamchukua mkewe awe shahidi kuhusu ubaya wa kazi za nyumbani.

Mama Muhuri akasimama kusoma matokeo.

"Mheshimiwa, siku za ofisini kazi ilisimama."

Mkurugenzi akajikuna.

"Na siku za nyumbani kazi ilisimama."

"Umeona?" Mkurugenzi akapumua. "Shahidi wangu huyu hapa. Mama, mwambie Mheshimiwa. Nyumbani pana kazi inayofanyika pale?"

"Hapafanyiki," mkewe akajibu. "Ni kweli tupu. Isipokuwa ile wiki ulipokuwa kwa wifi."

Waziri akainua kichwa. "Wiki gani hiyo?"

"Hata sisi tumeiona, Mheshimiwa," Mama Muhuri akasema, uso mkavu. "Wiki hiyo mwenye mtoto mgonjwa alifanyia kwake, mwenye majirani wa kelele akaja ofisini, na kila mtu akamaliza. Kamati imeshindwa kujua ofisini ni bora au nyumbani ni bora. Imejua tu kwamba kazi inapenda kuwa mahali ambapo Mwenyekiti wa kamati hayupo."

Waziri alicheka mpaka akafungua kifungo cha shati. Akaamuru jengo libaki la Vibao, mtumishi achague afanyie wapi, na Mkurugenzi asionekane ofisini.

"Nyumbani je?" akauliza mkewe haraka. "Mheshimiwa, usiimalizie hukumu kwangu. Mimi nina wateja."

"Basi akakae kwa dada yake."

"Wifi ametuma mtu. Anasema huo mgongo umepona siku nyingi."

Mkurugenzi aliumia, lakini ni mtumishi mwadilifu. "Mheshimiwa," akasema, "kwa haki na usawa, uchunguzi huu usiishie kwangu. Upanuliwe uguse wizara nzima."

"Upanuliwe!" Waziri akajipiga kifua. "Hapa bila mimi hata feni haizunguki. Mama Muhuri, sema usiogope. Wizara hii hufanya kazi vizuri zaidi wakati gani?"

Mama Muhuri akakunja karatasi zake taratibu.

"Mheshimiwa," akauliza, "safari yako ijayo ni lini?"

Waziri akafikiri, na akaelewa kwa kadiri alivyojaliwa: kumbe hata watumishi wa chini wameona jinsi safari zake zinavyoliletea taifa maendeleo! Papo hapo akaidhinisha ziara ndefu ya mafunzo, nchi baada ya nchi, ya kutazama jinsi wengine wanavyofanya kazi kwa mbali. Yeye kiongozi wa msafara, Mkurugenzi mtaalamu wake. Kwa mara ya kwanza katika historia ya wizara, jambo lilianza na kumalizika siku moja. Tiketi za kwenda zilipatikana kabla ya saa ya kutoka kazini. Za kurudi, Mama Muhuri alieleza, mtandao ulikuwa unasumbua.

Siku ya safari uwanja wa ndege ulifurika. Wizara nzima ilikuja, bila kuitwa, bila posho, na kabla ya wakati. Mke wa Mkurugenzi alikuwa mstari wa mbele na masanduku aliyoyafunga mwenyewe: nguo za joto, nguo za baridi, na chache za uzeeni. Walipopanda ngazi, umati ukapunga mikono yote miwili. "Msiharakishe!" watu wakapiga kelele. "Mjifunze mpaka mwisho!"

Waziri akatoa leso akajifuta macho. "Wananipenda," akasema.

Mkurugenzi alikuwa bado amegeuka nyuma, midomo inahesabu, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Mahudhurio kamili, Mheshimiwa," akanong'ona. "Hata wagonjwa wamekuja."