Mhehe Ameomba Kamba

Wenzangu, leo nimebweka.

Sisemi kwa mafumbo. Nimebweka kama mbwa, mara mbili, mbele za watu, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu watatu na kiti cha mbele kwenye kwaya. Nawaandikia nikiwa hapa kwenye duka la intaneti, macho yamevimba, na mwenye duka ameshaniuliza kama kompyuta ndiyo inayoniumiza.

Mnaijua nyumba yangu ya wageni ya hapa Msamala. Nilipopunguzwa kazini kwenye shirika nikasema sikai bure. Sasa kila mwenye vyumba viwili Songea anaita watu walale, kwa hiyo mwenzenu nikaandika kibao kikubwa: HUDUMA ZOTE ZA MSAFIRI. Maji ya moto, dobi, pasi, kukatiwa tiketi ya basi, kuelekezwa gari la Mbinga, kuamshwa alfajiri. Chini kabisa nikaongeza: UNACHOTAKA, OMBA. (Kiherehere hicho ndicho kilichoniponza.)

Jana jioni nilikuwa kwenye jumuiya. Wifi yangu Fides akapokea wageni. Leo asubuhi Fides kaenda sokoni, mimi nikafungua kitabu cha wageni nione nani kalala. Mnajua kile kitabu: jina, kabila, anakotoka, anakokwenda, shughuli. Chumba namba nne, mzee mmoja. Kabila: Mhehe.

Nikakifunga kitabu papo hapo. Mhehe! Mtani wangu kalala kwangu, na nyumba ilivyopooza wiki nzima!

Wasiojua, babu zetu Wangoni walipigana na babu zao Wahehe mpaka wakachoka. Tangu hapo sisi ni watani. Mimi namwambia anakula mbwa, yeye ananiambia nakula panya, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Hata msibani mtani anatania. Hasa msibani. Shikilieni hapo.

Mzee akatoka chumbani. Mrefu, koti la kijivu, kofia mkononi. Barazani palikuwa na Bwana Saidi, mfanyabiashara wa korosho wa Namasakata, anakunywa chai, pamoja na wageni wengine wawili wanaosubiri gari. Shikamoo nikamnyima makusudi. Mtani gani anaanza na shikamoo?

"Mama," akasema kwa upole, "nimesoma kibao chako. Naomba kamba."

Jamani. Mhehe. Kamba. Tena asubuhi na mapema.

"Kamba?" nikapaza sauti. "Bwana Saidi, umesikia? Mhehe ameomba kamba! Fungieni mbwa wenu ndani, leo Msamala hakisalii kitu!"

Bwana Saidi akacheka mpaka chai ikampalia. Wale wengine wakagonga meza. Mnanijua nikipata watu wa kucheka, breki zinakatika. Nikamwita mbwa wangu: "Simba! Kimbia mwanangu, kitoweo kinatafutwa!" Kisha nikaweka mikono kiunoni, nikainua kidevu, nikabweka. Siyo kidogo. Nilibweka mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Simba akaja mbio. Badala ya kutoroka akaenda kulala miguuni kwa yule mzee. Mzee akainama, akamkuna kichwani polepole. Hakucheka, wala hakukasirika.

"Ni ya kufungia jeneza," akasema. "Jeneza la binti yangu. Gari ni pikapu, na jeneza ni refu kidogo, linatokeza nyuma."

Bwana Saidi akaweka kikombe chini, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mimi mdomo ulikuwa bado wazi kwa mbweko wa mwisho. Nikatafuta neno. Kati ya maneno yote ya Kiswahili, mnajua lililotoka?

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kibao changu.

Kamba yenyewe sikuwa nayo! Huduma zote, kamba hakuna. Ilikuwepo ya kuanikia nguo tu, uani, na nguo za wageni juu yake. Nikaikata kwa kisu cha jikoni. Kanzu ya Bwana Saidi ikaanguka kwenye vumbi, nikaanza kuomba radhi. "Iache, mama," akasema. "Mfuate mzee wa watu, asiende peke yake."

Nikamfuata. Njiani akaniambia kidogo kidogo. Binti yake, Leokadia, alikuwa fundi cherehani hapa hapa mjini. Alikuja miaka sita iliyopita, akapanga chumba, akashona sare za shule. Aliugua wiki mbili. Taarifa ilimfikia mzee kwa simu ya jirani, na mkewe hawezi kusafiri, miguu imevimba. Anataka jambo moja tu: amfikishie mama mtu mwanawe, wamzike shambani kwao. Dereva anataka waipite Madaba mapema, mvua zimeanza na ile barabara mnaijua.

Nilikuwa natembea nyuma yake nimebeba kamba. Sijawahi kubeba kitu kizito vile.

Mochwari tulikuta majirani sita wa pale alipopanga, wamesimama mbalimbali, hakuna anayemtazama mwenzake. Jeneza lilikuwa tayari kwenye pikapu, na pembeni yake cherehani ya marehemu, imefunikwa kitenge. Mzee na dereva wakaanza kufunga. Kamba ilikuwa bado na vibanio viwili vya nguo. Nikavitoa. Nikawa nasema, "Pole baba, pole sana baba," kila dakika, kwa sauti ndogo ya kanisani.

Mzee akaacha kufunga, akanigeukia.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimekukosea, baba. Nisamehe."

"Hukunikosea. Asubuhi ulikuwa hujui. Sasa unajua, ndiyo unaniita baba?" Akaliwekea jeneza mkono. "Nyumbani watani watajaa. Hapa nina wewe tu. Miaka sita mwanangu amewashonea nguo watu wa mji huu. Aondoke hivi hivi, kama gunia la viazi? Mtani gani wewe?"

"Niseme nini?"

"Ulichosema asubuhi."

Nikatazama majirani. Nikatazama lile jeneza, jembamba, la mbao ambazo hazijakauka vizuri. Nikapanda kwenye tairi la nyuma, nikashika ubao wa pikapu.

"Leokadia," nikasema, "unatoroka mchana na kamba yangu? Nguo za wageni nianike wapi, masikioni mwa baba yako?"

Jirani mmoja akaguna. Mzee akatikisa kichwa: endelea.

Nikabweka.

Wenzangu, kubweka huku unalia ni kazi. Pumzi haitoshi. Ilitoka sauti ambayo hata Simba angeikana. Lakini nikaendelea, kamasi zinashuka, nimekumbatia ubao wa gari, "wuu, wuu," na majirani wakaanza kucheka, wa kwanza, wa pili, halafu wote. Mzee akacheka mpaka kofia ikadondoka. Kisha kicheko kikamgeuka kifuani, akaegemea jeneza akalia kwa sauti, mikono yote miwili juu ya mbao. Tukalia naye wote. Jirani mmoja akaniambia baadaye kwamba tangu alipofika jana, yule mzee hakuwa ametoa hata chozi.

Hapo ndipo nilipogeuka nikaona kwaya.

Ndiyo. Kwaya yangu, akina mama wote wa sauti ya kwanza, na vyombo vya uji kichwani. Leo ilikuwa zamu yetu ya kutembelea wagonjwa (nilisahau), na njia ya wodini inapita pale pale. Katekista alikuwa mbele. Amenikuta juu ya tairi, kanga imenivuka nusu, nambwekea maiti.

"Mama Benedikta," akaniuliza, "ni wewe?"

Sasa nijibu nini? Nikasema ni mimi.

Gari likawashwa. Mzee akakaa nyuma, akakataa kiti cha mbele, mkono mmoja kwenye jeneza na mwingine kwenye cherehani. Lilipoanza kwenda akaniinulia kofia. "Kaa salama, mla panya!" Nimesimama pale mpaka pikapu imepotea.

Nimerudi nyumbani, nguo za wageni zimetandazwa juu ya ua, Bwana Saidi ndiye aliyezianika. Nikafungua kitabu. Chumba namba nne, mwandiko wa wino wa bluu, herufi zimesimama wima. Anakotoka: Iringa. Anakokwenda: Iringa. Shughuli: Kumrudisha mwanangu kwa mama yake.

Yote yalikuwa yameandikwa tangu jana. Msinicheke, nawaomba, na ninyi mnaopokea wageni, someni mstari mpaka mwisho kabla hamjabweka.