Chapa Yangu Iliyofutwa kwa Mkate

Kwa Bi. Dafna Rozilio,
Mwenyekiti, Karakana ya Chapa ya Bandari ya Zamani,
Yafo.

YAH: MALALAMIKO JUU YA PENSELI

Bi. Mwenyekiti,

Shalom, na poleni na usafi wa Pasaka yetu, wa kutoa nyumbani kila chembe ya mkate na chachu. Mimi ni Amiram Birnboim wa Haifa, mkusanyaji wa chapa, yaani picha zilizochapwa kwa mkono, za wasanii wetu wa leo. Nina picha nyingi kuliko kuta, na mke wangu Orna anasema bado kidogo nianze kutundika darini. Niipendayo kuliko zote ni ya msanii wenu, Bi. Sivan Ketzler: mapipa ya maji ya moto juu ya paa huko Bat Yam, na shuka moja limeanikwa. Zilichapwa thelathini tu, kisha bamba la shaba likakwaruzwa lisichape tena. Yangu ilikuwa ya saba. Nasema ilikuwa.

Mama mkwe wangu, Bi. Naima, alikuja kutoka Ramat Gan kutusaidia kusafisha. Mnawajua akina mama wa Kiyahudi waliotoka Iraki na Pasaka: hata swichi ya taa hupigwa mswaki. Akafungua fremu ili afute kioo kwa ndani, akaona chini ya picha kuna maandishi ya penseli, hafifu, yamekwenda upande. Akachukua kipande cha mwisho cha mkate kilichobaki nyumbani, akafinyanga sehemu yake laini ya ndani kama walivyofanya shuleni kwao Baghdad, akafuta jina la msanii pamoja na namba, 7/30. Kisha akaniita kwa furaha: "Njoo uone, mwanangu. Mtu alikuchafulia picha, nimekuondolea aibu. Na mkate nao umekwisha."

Nikamfokea. Tangu nioe sijawahi. Akavua aproni, akachukua mkoba wake, akaenda kupanda treni. Orna akamfuata, ila aliniachia neno mlangoni: "Haya, kula Pasaka na karatasi yako." Karamu ni keshokutwa, na humu ndani tupo mimi, matza, ile mikate yetu isiyo na chachu, na hiyo picha.

Kwa hiyo nalalamika rasmi:

1. Nani mwenye akili zake hutia sahihi kazi ya thamani kwa kitu kinachofutika kwa mkate? Mtasema ndiyo desturi ya wachapaji. Desturi yetu sisi kila majira ya kuchipua ni kufuta, nanyi mmezaliwa nchi hii hii, mlilijua hilo.

2. Niliposimu, mliniambia Bi. Ketzler hawezi kutia sahihi mara ya pili kwa sababu toleo limefungwa. Sawa. Basi haki itendeke kwa wote: wenye zile nyingine waitwe Yafo, na zao zifutwe pia. Mkate nitaleta mimi, sikukuu ikiisha.

3. Chembe za mkate zimeingia nyuma ya karatasi na hazitoki. Rabi wa mtaa wetu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaiandika picha pamoja na wiski yangu katika vitu vyenye chachu anavyoniuzia kwa Mdruzi mmoja wa Daliyat al-Karmel, ambaye si Myahudi na chachu haimkatazwi, mpaka Pasaka ipite. Maana yake punde picha itakuwa ya mtu nisiyemjua, na nasikia ana ukuta mzuri. Mkimlipa fidia yeye kabla yangu, nitakata rufaa.

4. Bi. Ketzler aende mwenyewe Ramat Gan, akamwambie Bi. Naima kuwa kosa ni la mwandiko wake. Mimi nimeshaomba radhi kwa simu, nikajibiwa: "Radhi nimekupa. Kube sikupi." Kube zake, madonge ya unga wa mchele yaliyojazwa nyama, ndani ya mchuzi wa bitiruti, ndizo Pasaka yangu. Kwa wazazi wangu tulikula samaki baridi na kunyamaza. Hizi kuta zangu zote hazijawahi kuniambia, "Ongeza, mwanangu, umekonda." Namtaka mama yangu mezani, Bi. Mwenyekiti, na sijui niseme nini ili arudi.

Wasalimieni wachapaji wote, anayesaga wino, paka wa mlangoni, na Bi. Ketzler mwenyewe, ambaye namheshimu kwa kila kitu isipokuwa penseli.

Wenu katika sanaa na dhiki,
Amiram Birnboim

N.B. Sijafunga bahasha, mlango ukagongwa: Orna, mama yake, na sufuria. Njiani Orna alimweleza kuwa kilichopotea ni jina na namba, na kwamba kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo watu wanavyoiheshimu. Bi. Naima alikwenda moja kwa moja kwenye picha, akafungua fremu, akaandika kwa ile kalamu ya wino anayotilia alama nguo za kufuliwa: Naima, 1/1. Akasema, "Haya, hiyo haitoki. Kaa ule." Tafadhali yatupeni malalamiko yote hapo juu. Bi. Ketzler anakaribishwa karamuni, lakini kalamu aiache Yafo.