Koki ya Bweni la Wanachuo

Jumatatu, 1 Februari 1988. Same.
Nimefika! Wiki mbili za mafunzo kwa vitendo katika bweni la wanachuo. Kidato cha nne nimemaliza, matokeo bado, na nyumbani Mamba kinachoningoja ni jembe na tangawizi. Matroni, Mama Asteria, ametuambia wazi: tuko wawili, nafasi ya msaidizi wake ni moja. Mwenzangu ni Priska wa Mwanga mjini. Anaongea kama redio ya dukani. Hadi mchana alishawajua wanachuo wote kwa majina. Mimi nilifaulu kusema neno moja tu, shikamoo, tena kwa Bartholomeo, mwanachuo ambaye hata ndevu hazijamkaa sawa. Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu!" Meza nzima ikaangua kicheko, makande mdomoni. Kesho sisemi kitu.

Jumanne, 2 Februari.
Tatizo la hapa ni maji. Tangi hujaa polepole. Wavulana wa ghorofa ya chini wanaoga, wanafua jinzi zao za mitumba, na wasichana wa ghorofa ya juu wanaamka na kukuta mabomba makavu. Leo Ikupa wa juu amemwambia Bartholomeo kwamba jinzi yake inaoga kuliko mwenyewe. Mama Asteria amesema atakayetuliza ugomvi huu atakuwa amemwonyesha kwamba nafasi inamfaa. Priska akaitisha mkutano. Hotuba, makofi. Wote wakakubali kubana matumizi, kisha wakaenda kuoga.
Jibu ninalo mimi! Kwetu tuna ndiva, bwawa la kumwagilia. Jioni linafungwa, usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, kila shamba kwa zamu yake. Tangi nalo ni bwawa tu, ila limepandishwa juu ya nguzo.

Jumatano, 3 Februari.
Jioni hii nimefunga koki zote mbili za tangi, ya maji ya juu na ya maji ya chini. Kesho zamu ya kwanza ni juu. Sijamwambia mtu. Kwetu nani hutangaziwa zamu? Kila mtu anaijua tangu kwa babu yake.

Alhamisi, 4 Februari.
Balaa! Tangi lilijaa pomoni. Nikafungua koki ya juu. Kumbe kabla sijafungua wasichana walikuta mabomba makavu, wakatoka alfajiri na ndoo kutafuta maji mtaani, na Ikupa akaacha bomba wazi. Bafu likafurika, maji yakateremka ngazi kama mfereji wa kwetu. Huko chini Bartholomeo alikuwa anaoga. Maji yaliyobaki kwenye bomba yalimtosha kujipaka sabuni, hayakumtosha kuitoa. Akanijia na taulo, povu hadi masikioni. Dada, fungua, macho yanawaka! Lakini kwetu anayefungua maji nje ya zamu hutozwa faini. Nikakaa mbele ya koki. Nikatikisa kichwa, nikamwonyesha kidole juu. Akatazama juu. Akauliza kama namwelekeza kwa Mungu.
Hapo Mama Asteria akatokea, viatu mkononi, miguu imelowa.

Ijumaa, 5 Februari.
Nimemweleza Mama Asteria habari za ndiva, kwa kunong'ona. Akasema wazo ni zuri. Zuri! Ila nipite mlango kwa mlango niwaambie wanachuo zamu zao. Nikasimama mbele ya mlango wa kwanza. Ndani mtu akakohoa. Nikarudi. Mama Asteria akamtuma Priska, naye akapita milango yote kabla ya chai. Sasa maji yanatosha, ugomvi umekwisha, na wanachuo wanaiita zamu ya Priska. Ya Priska! Msichana aliyeniuliza leo hii kama ndiva inaliwa!

Jumamosi, 13 Februari.
Nafasi kapewa Priska. Mama Asteria alinisindikiza hadi getini. Akasema kichwa ninacho, mdomo ndio nimeuacha Mamba. Mwanga kuna hosteli ya wasichana inatafuta msaidizi. Jumatatu niende, nibishe hodi, nijieleze mwenyewe. Akaniuliza kama safari hii nimejifunza. Nikaitikia kwa kichwa.
Na kweli nimejifunza. Nimepanga vizuri. Nitakwenda Jumapili, wote wakiwa kanisani. Nitafagia uwanja mzima, nitasugua ngazi, nitajaza kila pipa, kisha nitaondoka kabla hawajarudi. Wakikuta pamesafika hivyo, wataelewa wenyewe kwamba ni mimi.