Nyati ni Mpole, Msogelee

Jumatatu, 14 Julai

Kisongo. Baridi ya kukata masikio. Mlima Meru umejifunika ukungu tangu asubuhi. Hata wenyewe hautaki kuona ninavyofanyiwa.

Kambi ya akili mnemba imeanza. Wanafunzi wa chuo chetu wanalala bure, wanakula bure, wanafundishwa kutumia kompyuta zinazojibu maswali kama mtu. Mimi, Mwalimu Elifuraha, niliyefundisha uongozaji watalii kabla watoto hawa hawajazaliwa, nimeletwa kuwa mlezi. Mlezi! Nimepewa filimbi na funguo za milango.

Nimekuja kwa shabaha moja. Madam Violet, mkuu wetu wa chuo, ametangaza kwamba somo langu litafutwa Desemba. Badala yake kutakuwa na kitengo cha utalii na teknolojia, na mkuu wa kitengo atapatikana humu kambini. Atakuwa mimi. Simwoni mwingine.

Yupo mkufunzi, Twahir. Kijana wa Tanga, raba nyeupe, ndevu za kuhesabika. Amenipa shikamoo nzuri, halafu akauliza kama chai ya wanafunzi iko tayari. Hilo nimeliweka moyoni.

Binti yangu Anneth naye yumo. Aliniomba wenzake wasijue kwamba mimi ni baba yake. Nikakubali, kwa sharti la heshima. Leo kanipita kwenye foleni ya ugali. "Shikamoo, Mwalimu." Kama anayelipa faini.

Jumanne, 15 Julai

Nimekaa nyuma ya darasa, najifanya nakagua viti. Twahir kafundisha kwamba unaiambia mashine unachotaka kwa maneno yaliyonyooka, kisha unasoma jibu lake lote kwa mashaka kabla ya kulitumia. Nusu ya kwanza nimeielewa vizuri. Nusu ya pili nilikuwa nje napuliza filimbi ya chakula.

Inatosha. Kesho Madam Violet anakuja kufungua kambi. Wiki nzima alikuwa Dodoma mkutanoni, na nataka ajue tulimkosa. Nimemwambia Twahir kuwa hotuba ya kumkaribisha mgeni ni ya mlezi, ndiyo desturi. Hakuuliza desturi ya wapi.

Nikaiambia mashine: andika hotuba juu ya Madam Violet, alituacha wiki iliyopita, tumemlilia sana, leo tumekusanyika kwa ajili yake.

Kufumba na kufumbua, kurasa mbili! Kiswahili kitamu! Nimesoma aya ya kwanza. Nimeridhika. Nalala.

Jumatano, 16 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Aya ya kwanza ilipigiwa makofi. Ya pili ilisema kwamba ingawa mwili wa Madam Violet haupo, roho yake ipo nasi. Nilikuwa nimeshika kasi, sikuweza kujizuia. Ya tatu iliomba wote wasimame dakika moja kumkumbuka marehemu. Wakasimama! Ukumbi mzima, vichwa chini. Madam Violet naye akasimama, akainamisha kichwa, ndipo akamnong'oneza Twahir kuuliza ni nani aliyefariki.

Twahir akaeleza kwamba mashine ilichukua "alituacha" kwa maana ya msibani. Alieleza kwa upole, mbele za watu. Upole wa namna hiyo ndio ukatili wenyewe. Madam aliniambia anashukuru kwa sala zangu. Akaondoka bila kugusa chai.

Namshuku Twahir. Mashine ni zake.

Alhamisi, 17 Julai

Sasa nimeelewa mpango wao.

Twahir kanisimulia kwa furaha, huku akimalizia andazi langu, kwamba Kundi la Tatu linatengeneza kiongozi wa sauti. Mgeni anauliza habari za Mlima Meru na wanyama wake, kompyuta inamjibu kwa kusema. Wanafunzi wanaipa maelezo, nayo inajibu kutokana na maelezo hayo tu. Akasema itaujua Meru kuliko mwalimu yeyote. Mwalimu yeyote! Kijana anayemwita mbega "nyani mwenye koti"!

Maonesho ni Jumatano ijayo. Atakuja Mzee Hans, mwenye kampuni ya utalii, kutafuta vijana wa kuajiri. Chombo hicho kikimpendeza, nani atamhitaji Elifuraha?

Nikamuuliza Anneth yuko kundi gani. Akasema ni siri hadi maonesho. Bila shaka anakata maua ya karatasi ya kupamba ukumbi. Mtoto wangu hapendi makuu.

Jumapili, 20 Julai

Wengine wamekwenda ibadani, wengine Twahir kawapeleka kutembea mjini. Mimi nimebaki kulinda. Funguo ninazo. Nenosiri la kompyuta Twahir mwenyewe kaliandika ubaoni, herufi kubwa. Watu wa teknolojia!

Nikayafungua maelezo ya Kundi la Tatu, waliyoyakamilisha jana na ambayo hayaguswi tena hadi maonesho. Sikusoma hata mstari. Nani asome takataka? Nikafuta yote, nikaanza kuandika yangu.

Kazi ngumu ajabu. Maisha yangu yote sijawahi kumsingizia mnyama. Vidole viligoma. Nikajilazimisha. Twiga hutaga mayai. Pundamilia hubadili mistari akipata mchumba. Mbega ana vidole gumba viwili kila mkono. Nyati ni mpole, msogelee, mpapase kichwani. Hapo kwenye nyati ilibidi nitoke nje nipunge hewa. Kuandika kwamba Meru ni mrefu kuliko Kilimanjaro hakukuniuma hata kidogo.

Nikafunga mlango. Waliporudi nikawapokea kwa uso wa mlezi.

Jumatano, 23 Julai

Ukumbi umejaa. Madam Violet mbele, Mzee Hans kando yake, kofia magotini. Likaitwa Kundi la Tatu. Akasimama Omary, akasimama Namelok, kisha akasimama mwenye kipaza sauti. Anneth.

Nikadhani amekwenda kunyoosha pazia.

Akasema maelezo yote ya chombo chao yametoka kwa mtu mmoja. Mtu aliyemtembeza kwenye msitu wa Meru tangu akiwa mdogo, akimwonyesha nyayo, majani, hata vinyesi, akimweleza kila kitu. Yeye ameyaandika tu kwa kumbukumbu.

"Mtu huyo ni baba yangu," akasema. "Ni Mwalimu Elifuraha, yuko pale nyuma. Madam, tunaomba yeye ndiye apewe kitengo kipya. Mashine bila mtu anayejua ni bati tu."

Makofi! Vijana wakageuka kunitazama. Madam Violet akageuka, akanitabasamia, mara ya kwanza tangu nimzike.

Mzee Hans akauliza chombo: nikikutana na nyati, nifanye nini?

Nilikuwa karibu na swichi kuu. Nikazima umeme. Projekta ikafa. Lakini laptopu ina betri. Katika ukimya huo sauti tamu ya kike ikajibu:

"Nyati ni mpole. Msogelee, mpapase kichwani."

Vijana waliangua kicheko. Mzee Hans hakucheka. Akasema mdogo wake aliuawa na nyati. Akavaa kofia, akatoka, Madam Violet akimfuata nyuma na pole zake.

Anneth alibaki mbele, anabonyeza kompyuta, anauliza swali lingine, na lingine. Twiga. Pundamilia. Kila jibu lilivyotoka, mabega yake yalizidi kushuka.

Niliwasha umeme. Hakuna aliyenishukuru.

Alhamisi, 24 Julai

Twahir kaikusanya kambi, kasema kosa ni lake, hakupaswa kuandika nenosiri ubaoni. Nimeitikia kwa kichwa. Mtu akitaka kubeba lawama, asizuiwe.

Baadaye Anneth akanikuta stoo. Macho mekundu.

"Ni wewe, Baba."

Nikamwambia amtazame Twahir vizuri. Nikamwambia watu wa pwani wana maneno mengi.

"Mtu asiyemjua mbega angekosea mkia wake," akasema. "Aliyeandika haya kasema mbega ana vidole gumba viwili. Nani humu ndani anajua kwamba mbega hana gumba? Mimi na wewe. Uliniambia nikiwa nimekaa mabegani kwako, ukanikunja gumba langu nione anavyoshika tawi."

Nikasema sikujua kwamba ni kundi lake.

"Kwa hiyo angekuwa mtoto wa mwenzako ingekuwa sawa?"

Nikapuliza filimbi ya chai. Haikuwa saa ya chai.

Jumamosi, 26 Julai

Kambi imefungwa.

Anneth na wenzake waliandika maelezo yote upya. Twahir akaenda mwenyewe kwa Mzee Hans, akambembeleza arudi. Mzee akarudi, akauliza swali lile lile. Safari hii kompyuta ikajibu kwamba usikimbie hovyo, angalia upepo unakotoka, tafuta mti mnene. Maneno yangu! Hata kile kituo ninachoweka kabla ya neno "mti". Nilisimama nyuma nikitembeza midomo pamoja nayo.

Mzee Hans kawachukua wote watatu. Kitengo kapewa Twahir.

Madam Violet akamuuliza Anneth, mwishowe maelezo haya ni ya nani hasa? Nikajiweka sawa. Nikafunga kifungo cha koti.

"Nilisoma mahali, Madam," akasema. "Sikumbuki."

Kisha akabeba begi lake, akapanda gari la shangazi yake wa Sokon One. Mtoto nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki! Nilisema wazi wazi, wote wasikie, kwamba vijana wa siku hizi hawana shukrani. Omary peke yake ndiye aliyenitazama, na aliangalia pembeni haraka.

Jumatatu, 28 Julai

Terrat, nyumbani. Nimepika wali wa watu wawili, kwa mazoea. Nimempigia Anneth. Kapokea shangazi yake, kasema mtoto kalala. Saa nne asubuhi.

Nimekaa nikajichunguza, maana mtu mzima lazima ajichunguze. Nimeliona kosa langu. Kubwa! Najishangaa sikuliona mapema. Nilidanganya kitaalamu mno. Uongo ule ulikuwa na alama ya msomi kila mstari. Ningeandika kwamba mbega ana mkia mfupi, kama mjinga yeyote, nani angenishika?

Nasikia Twahir anatafuta msaidizi wa kitengo. Nimekwisha kumpigia. Kafurahi sana, masikini, kasema kila siku alitamani kujifunza kwangu. Anneth ataona mwenyewe siku nitakapokalia kiti cha Twahir. Nikiingia tu, nitamharibia kazi kidogo kidogo, tena kijinga kabisa, kama mtu asiyejua lolote.