Uturudishie Ugomvi Wetu

Kamembe, Rusizi
Jumatatu asubuhi

Kwa Wakili, Maître Gasaro,
Ofisi ya Msaada wa Sheria kwa Familia,
Kamembe.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YAKO KWA KUMALIZA MIRATHI YA MZEE MUDATHIRU

Maître mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote ninazoweza kuzipata nikiwa na hasira. Kwanza nieleze kwa nini malalamiko juu yako nayaleta kwako mwenyewe. Nilimtafuta mkubwa wako, nikaambiwa ofisi yenu ya hapa ina mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Basi naomba usome barua hii kama mkubwa, usiisome kama mkosaji.

Mimi ni Twahiru, fundi cherehani, mtoto wa kwanza wa marehemu Mudathiru. Marehemu alituacha wanne: mimi na Uwamahoro, tuliozaliwa na mama wa hapa Kamembe, na Cubaka na Jolie, waliozaliwa na mama wa Bukavu. Wa tano, Patricie, alitangulia kabla ya baba, akaacha mtoto wake, Izabayo. Sisi wa Kamembe tunakwenda msikitini, wale wa Bukavu wanakwenda kanisani. Mali ya marehemu ilikuwa nyumba hii ninayoishi, shamba la Mururu, kiwanja cha Bugarama na cherehani nne. Kwa miaka tisa tuligombania mali hiyo kwa moyo wote, kila Jumamosi saa nane mchana, sebuleni kwa marehemu.

Kisha ukaja wewe. Uwamahoro alikwenda ofisini kwako kuuliza habari za mbuzi wa jirani, akataja mirathi kwa kupitiwa tu. Ulitutembelea mara tatu, na kufikia ziara ya tatu kila kitu kilikuwa kimegawanywa, kimesainiwa na kugongwa muhuri. Ninayo malalamiko yafuatayo.

1. Haraka yako ilitudhalilisha. Maître, wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sheria umesomea chuoni Huye miaka mingi, na neno hili dogo hukufundishwa? Sisi si watu wajinga. Mzee Nzabonimpa, jirani yetu, alikuwa mwandishi wa vikao vyetu tangu mwanzo na amejaza madaftari kumi na saba. Wewe ulifupisha yote katika kurasa nne. Ukurasa wa nne wenyewe una sahihi tu.

2. Umevunja sheria yetu ya Jumamosi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiilinda familia. Sheria hiyo tuliipitisha katika kikao cha kwanza: asiyekuja amekubali. Yaani ukikosa kikao, lolote watakaloamua wenzako limekupata. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukosa. Cubaka alivuka daraja la Rusizi kutoka Bukavu, upande wa Kongo, akiwa na malaria, akalala kwenye mkeka wetu, na kila alipoamka alipinga. Jolie alijifungua Jumapili, na Jumamosi iliyofuata alikuwa hapa na kichanga chake, akidai kiwanja cha Bugarama huku akinyonyesha. Wakati wa korona, mpaka ulipofungwa, tulimweka Cubaka kwenye simu, na simu tukaiweka juu ya kiti chake na kikombe cha chai mbele yake, ili asije akasema tumembagua. Ikifika saa kumi alilalamika, Jumamosi akiitaja kwa Kifaransa chake: "Hiyo chai ni ya miye? Basi mutaniwekea samedi ingine, hii imeshapoa." Miaka tisa, Maître, na sisi sote tuliuona uso wa kila mmoja kila wiki, au, wakati ule wa simu, tuliisikia sauti yake. Nitajie familia moja ya Kamembe inayopendana ambayo imeweza jambo hilo.

3. Ulituuliza swali lisilo na adabu. Katika ziara ya kwanza ulikaa, ukanywa chai, ukafungua kalamu, ukasema: "Kila mutu aniambie, yeye anataka nini?" Miaka tisa hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake hivyo. Tuliulizana nani alistahili nini, nani aliuguza mzee, nani alimkimbia, nani alikula pesa za paa la choo. Kuuliza mtu anataka nini ni kumvua nguo hadharani. Na ona matokeo yake. Uwamahoro akasema anataka shamba la Mururu, kwa sababu yuko jirani nalo na maparachichi yake ndiye anayeyapalilia. Cubaka, mwenye karakana yake ya ushonaji, akasema, "Miye nilikuwa nataka tu zile mashini za papa, nizitie atelier yangu." Jolie akataka kiwanja, nusu yake na nusu ya Izabayo. Nami nikasema nyumba. Ilionekana hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kitu cha mwingine. Nilimtazama Cubaka, naye akatazama mkeka. Aibu ya siku ile sijawahi kuiona hata mbele ya mteja niliyemharibia suti ya harusi.

4. Umemfanyia Izabayo ubaya uliopita kiasi. Mtoto huyu alikuwa na miaka mitano babu yake alipofariki, na swali la nani awe mlezi wake na mshika sehemu yake halikupata jibu. Kila mmoja wetu alikuwa anataka kuthibitisha kwamba yeye ndiye mlezi bora. Matokeo yake mtoto alikuwa na walezi wanne wenye bidii. Kila mwanzo wa mwaka wa shule alipata viatu jozi nne. Uwamahoro alimpima urefu kwenye mwimo wa mlango, mimi nikampima tena kwa utepe wa kazi ili kumkosoa. Cubaka alimfundisha Kifaransa, mimi Kurani, na Jolie alimfundisha kutusikiliza sisi wawili bila kucheka. Wewe ukamuuliza mtoto mwenyewe, mtoto, Maître, anataka kukaa na nani. Akasema Jolie, eti kwa sababu ndiye pekee asiyemuuliza alama za hesabu. Mahakama ikakubali. Sasa Izabayo ana mlezi mmoja, jozi moja ya viatu, na alama zake za hesabu, nasikia, ni mbaya sana.

5. Umeniachia nyumba. Hili ndilo nililoliomba, sikatai. Hati ina jina langu peke yake na nimeiweka kabatini, kwenye nailoni. Lakini zamani nyumba hii ilikuwa na macho. Uwamahoro akiingia tu alihesabu mabati, kisha sahani, kisha kuku, akaniuliza mimi kaka yake: "Yaya, ile kuku nyeupe ilienda wapi?" Nikibadilisha taa ilinipasa nitoe ripoti. Sasa bomba la uani linavuja tangu mwezi jana, na hakuna hata mtu mmoja wa kunituhumu kwamba naharibu mali ya marehemu. Mke wangu kwa mazoea alipika pilau ya watu kumi Jumamosi mbili mfululizo, tukala wawili mpaka Jumanne. Mzee Nzabonimpa anakuja bado. Anasimama mlangoni saa nane na kalamu yake, anaangalia viti, anauliza kama kuna ajenda. Namwambia hakuna. Anakunywa chai na kwenda zake.

Nitasema wazi, kwa kuwa hii ni barua rasmi na katika barua rasmi mtu hasemi uongo: nina upweke. Sikujua kwamba nawapenda. Nilidhani nawashtaki.

6. Umetufanya tuwe na adabu. Nilikutana na Cubaka sokoni wiki tatu zilizopita, akaniambia, "Yaya, uko muzima?" Nikasema niko mzima. Akasema basi vizuri, salimia nyumba. Akaenda zake kununua unga. Ndugu yangu ambaye kwa miaka tisa aliniita mwizi mbele ya mashahidi, leo ananisalimia kama karani wa posta.

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo, na kama la kwanza haliwezekani basi la pili, na kama la pili haliwezekani basi la tatu.

La kwanza: futa mgawanyo wote na uturudishe pale ulipotukuta, tukiwa na hasira na chai.

La pili: kama sheria hairuhusu kufuta, tafuta kosa dogo katika karatasi zako. Hata nusu mita ya mpaka wa shamba la Mururu inatutosha. Familia yetu haina makuu, na kwa nusu mita tunaweza kwenda miaka sita.

La tatu: kama hukukosea popote, jambo ambalo nalihofia kwa jinsi nilivyokuona unasoma kila ukurasa mara mbili, basi niko tayari mimi mwenyewe kushtakiwa. Nitakiri kwamba nilificha cherehani ya tano ya marehemu. Cherehani ya tano haikuwahi kuwepo. Lakini hilo ni suala la ushahidi, na ushahidi lazima usikilizwe, na wa kuusikiliza ni ndugu wote, na siku wanayopata nafasi ni Jumamosi.

Ukiona vigumu kutoa uamuzi, njoo ukae sebuleni kwangu siku moja saa nane mchana. Usilete karatasi. Kaa tu usikie jinsi kulivyo kimya, halafu uniambie kama hiyo ndiyo haki uliyoisomea.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, mlinzi wa jengo lenu aliyenipa kiti, na wale mashahidi wawili waliosaini siku ile na kuondoka haraka kabla hawajala. Mke wangu anakusalimu pia, na anasema sufuria uliyopelekewa mboga uirudishe ukipata nafasi, wala haitafunguliwa kesi.

Ni mimi niliyeshinda kila nilichokidai,

Twahiru mwana wa Mudathiru,
Fundi cherehani, Kamembe.

N.B. Barua hii niliileta kwako mwezi uliopita, utakumbuka, ukanirudisha mlangoni ukisema ombi la kufungua mirathi upya sharti lisainiwe na warithi wote. Niliwaita Jumamosi waje wasaini. Walikuja wote. Cubaka alisoma namba ya pili akasema haikuwa malaria, ilikuwa tifoidi, na hasaini uongo. Uwamahoro anakana kabisa habari ya kuku mweupe. Jolie anauliza kwa nini hana namba yake peke yake. Izabayo ameomba habari ya alama zake za hesabu iondolewe. Hatukumaliza, tukapanga Jumamosi iliyofuata, kwa sheria ile ile. Hii ya juzi ilikuwa ya tano, Mzee Nzabonimpa ameanza daftari la kumi na nane, na bomba la uani limetengenezwa, kwa sababu Uwamahoro alisema naharibu mali. Maneno yote ya juu nimeyaacha yalivyokuwa, maana hakuna sentensi hata moja ambayo wote wamekubaliana ibadilishwe vipi. Jambo moja tu limepita bila kupingwa: hakuna anayetaka mirathi ifunguliwe, hata mimi. Kila mtu anapenda alichopewa. Kwa hiyo, Maître, iache kama ulivyoifunga, na Mungu akulipe. Tunachokuomba ni jibu la maandishi. Usiliharakishe, na ukiweza, tia ndani yake neno moja au mawili yasiyoeleweka vizuri.