Uzinduzi wa Kituo cha Visigino, Mugunga

Muheshimiwa Mwakilishi wa Muheshimiwa ambaye hakuweza kufika. Muheshimiwa Naibu wa Mwakilishi, ambaye amefika lakini ametoka kidogo kupokea simu. Papa Chifu wa mtaa. Mapadri, wachungaji, na wale wanaongojea kuwa wachungaji. Wakaaji wa Mabanga na Majengo. Ndugu zetu mliofukuzwa na vita huko Masisi, mliofika hapa bila mwaliko kwa sababu hapa ndipo mnapolala. Wachezaji wa timu yetu ya Jiwe Jeusi, simameni wima, msiegemeane. Na nyinyi nyote mliovutwa na kivuli cha turubai: protokole yote ikiheshimiwa, na ile iliyosahauliwa ikisamehewa, nawasalimu kwa niaba yangu mimi mwenyewe. Jambo Mugunga.

(Umati: Jambo, Papa Coordo. Makofi ya adabu.)

Kwa wasionifahamu, jambo ambalo takwimu zinaonyesha haliwezekani, mimi ni Damien Cirimwami, Mratibu Mkuu wa Muda wa Komite ya Maendeleo ya Miguu ya Wanamichezo, cheo ninachokishika kwa muda, kwa unyenyekevu, mwaka wa kumi na moja sasa. Katika miaka hiyo vita vimekuja vikaenda, vikarudi vikiwa na jina jingine, volkano imetema na kunyamaza, lakini komite yangu haikutikisika, kwa sababu kila mara mji ulipokimbia, mimi nilikuwa tayari upande wa pili wa mpaka nikifanya plaidoyer, utetezi kwa ajili yenu, hotelini, usiku na mchana.

(Mtu mmoja nyuma alikohoa kwa muda mrefu.)

Mbele yenu mnaona mlango. Ni mlango mzuri, wa mbao ngumu ya libuyu, umepakwa rangi ya bluu, umesimikwa katikati ya mawe na kufungwa utepe. Wenye haraka wataniuliza: na nyumba iko wapi, Papa Coordo? Ndugu zangu, katika mji huu, ambapo lava ilichukua nyumba ikatuachia milango, nani bado anashangaa kuona mlango umetangulia? Kituo cha kisasa huanzia pale mgonjwa anapoingilia. Kuta ni suala la kiufundi, na paa ni suala la wakati wa mvua, na leo, kwa neema ya Mungu, hakuna mvua.

(Kicheko. Makofi machache.)

Kwa nini visigino? Utafiti uliofanywa na komite yangu, kwa njia ya kutazama kutoka ndani ya gari, umeonyesha kwamba asilimia tisini na sita ya wachezaji wa Jiwe Jeusi wanaumwa kisigino, na asilimia nne waliobaki hawakuwa na viatu siku ile, kwa hiyo hawakuingia katika viwango vya kimataifa vya kuhesabiwa. Chanzo chake tunakijua. Uwanja wetu wa nyasi umepewa jukumu kubwa la kubeba hema za ndugu zetu wa Masisi, na timu ikahamia hapa, juu ya lava. Wapo walionung'unika. Mimi niliwaambia: nyasi humdanganya mchezaji, jiwe humwambia ukweli.

Chukueni mfano wa kapiteni wetu, beki wetu wa kati. Josias, uko wapi? Inua mkono wakuone.

(Josias hakuinua mkono. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mikono yote miwili imeshika pembe za chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, ambao kipa Benny alimletea kutoka kwenye hema ya mama yake Josias.)

Yule pale. Huyu kijana, asubuhi akishuka kitandani, hatua zake za kwanza anazikanyaga kwa vidole kama mwizi wa kuku, kwa sababu kisigino kinamchoma hadi kwenye goti. Ni msimu wa tatu sasa, na bado anacheza. Huo ndio uzalendo. Daktari wa miguu amemwambia apumzike msimu mzima, la sivyo hatatembea sawa tena. Daktari! Je, daktari huyo amewahi kufungwa bao na watu wa Majengo? Anajua uchungu gani?

Na hapa nataka nimpongeze mama yake, Mama Angèle, aliyeteremka kutoka milimani na godoro kichwani, akalikata sponji, akaweka vipande ndani ya viatu vya mtoto wake ili kisigino kipate mto. Hiyo, kwa lugha ya kitaalamu, ndiyo inovasyo ya mashinani, na komite yangu imekwisha kuiandika katika ripoti kama msaada wetu wa vifaa tiba.

(Mama Angèle, kutoka mbele ya hema yake: "Papa Coordo, ile godoro sasa iko na matundu mbili. Tunalala juu ya mawe.")

Asante sana mama kwa ushuhuda huo wa matokeo. Sylvie, andika: walengwa wanaridhika.

(Sylvie, sekretari wa komite, alimtazama, hakuandika.)

Sasa niguse suala la kontra, mikataba yenu, kwa sababu najua kuna midomo inayopita Mabanga ikisema kwamba kontra za wachezaji zimekwisha, kwamba komite inawashikilia kwa nguvu, kwamba lisansi zao, vibali vya kucheza, zinakaa katika mfuko wa koti langu. Ni kweli zinakaa katika mfuko wa koti langu, kwa ajili ya usalama, maana hema huvuja. Ni kweli pia kwamba kontra ziliandikwa kwa misimu miwili. Lakini katika misimu hiyo vita viliingia, mpira ukasimama, watu wakatawanyika. Komite ikakaa, ikajiuliza kwa kina: muda wa kukimbia vita ni muda wa nani? Mchezaji akianguka uwanjani, si mwamuzi huongeza dakika? Basi nasi tumeongeza. Ile miezi yote mliyokuwa njiani na sufuria mgongoni ni muda wa nyongeza, na timu inawadai. Tena mbio zile za kutoka Sake hadi hapa, huku mabomu yakilia nyuma yenu, ni mazoezi ya pumzi ya hali ya juu, na komite, kwa ukarimu, haikuwatoza chochote.

(Kicheko kilianza upande wa wageni waalikwa, kikafa njiani.)

Ili kuondoa utata milele, kanuni zetu ziko wazi katika kifungu cha pili: kisigino ni cha timu, maumivu ni ya mchezaji, naye ataondoka nayo kila mchezo unapokwisha. Ni kifungu kizuri, nilikiandika mwenyewe, nikakifanya wimbo ili hata asiyesoma akishike. Nikisema Kisigino, mtajibu: Ni cha timu. Nikisema Maumivu, mtajibu: Ni ya mchezaji. Tujaribu. Kisigino!

(Umati, kwa uvivu: Ni cha timu.)

Maumivu!

(Umati: Ni ya mchezaji. Watoto waliupenda wimbo, wakaurudia mara kadhaa bila kuombwa.)

Vizuri sana. Basi, ndugu zangu, kwa kuzingatia feuille de route yetu, ramani ya safari, na kwa kuangalia mbele bila kugeuka nyuma, na kwa kuwa safari ndefu haikatishwi na mwiba mdogo, nawauliza kwa moyo mweupe: tuendelee pamoja?

(Makofi makubwa na vigelegele. Wengi walidhani hotuba imekwisha.)

Nashukuru, nashukuru sana. Sasa nawapa habari njema. Kifungu cha tisa kinasema: uamuzi wa mkutano mkuu hupitishwa kwa makofi, na mchezaji aliyepiga makofi amesaini. Kwa hiyo, kwa mikono yenu wenyewe, kontra za wachezaji wote wa Jiwe Jeusi zimeongezwa misimu mitano kuanzia dimanche hii, yaani Jumapili, saa tisa mchana, dhidi ya Majengo. Hongereni.

(Wachezaji waliingiza mikono mifukoni. Waliokuwa na jezi zisizo na mifuko waliificha makwapani. Benny alivitazama viganja vyake.)

(Benny: "Papa Coordo, siye tulipigaka sababu ya eshima tu.")

Na heshima ndiyo wino wetu, mwanangu.

(Josias: "Miye sikupiga.")

Nani amesema?

(Josias: "Ni miye, Papa Coordo. Sikupigaka makofi hata moja. Mikono yangu ilikuwa inashika chukudu. Kama ningeiachilia, ningeanguka.")

Sylvie, hebu msahihishe huyu kijana.

(Sylvie: "Ni kweli, Papa Coordo. Nilikuwa namuangalia. Hakupiga.")

Ndugu waheshimiwa, msibabaike, huu ni mjadala wa kidemokrasia. Josias, sikiliza nikuambie kama baba. Lisansi yako hii hapa, muione wote. Bila karatasi hii hutacheza timu yoyote tena, hata ukipona, hata ukiota mbawa. Nami sikuombi kitu kikubwa. Kofi moja tu, hata la polepole, viganja vigusane, nami nitakupa lisansi yako hapa hapa na utaanza dimanche ukiwa na amani.

(Josias: "Nikicheza dimanche, miye njo nimekwisha. Nataka kupona, Papa Coordo. Mpira naipenda, nitairudilia. Lakini mutu hawezi kupona akiwa anakimbia." Alikaza vidole kwenye pembe za chukudu. Mguu aliokuwa amesimamia ulikuwa unatetemeka, na kila mtu aliuona.)

(Mama Angèle: "Papa Coordo, nilikuwa na ulizo. Kama makofi inaandika, miluzi inafuta?")

Kanuni hazitaji miluzi.

(Mluzi mmoja ulitoka upande wa hema. Ukafuata wa Benny, kisha miluzi ya timu nzima, kisha ya akina mama waliokuwa kwenye foleni ya maji. Papa Chifu alionekana akijifunza kupiga mluzi.)

Naona muda umetubana. Naomba basi niruke kurasa zinazohusu mafanikio yangu, ambazo ni nyingi, nihitimishe kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru. Namshukuru kwanza Papa Védaste, seremala wa Majengo, aliyetuazima mlango huu mpaka saa kumi, na ninamwona amekwisha kufika na nyundo yake, kwa sababu mwenye nyumba anaungoja. Namshukuru Mama Perpétue kwa turubai, ambayo kesho inakwenda kwenye harusi. Namshukuru daktari bingwa mnayemwona kwenye bango, ambaye ni mpwa wangu Jeancy, muuzaji wa simu, aliyekubali kuvaa koti jeupe kwa muda wa foto. Nawashukuru mapema bailleurs wetu, wafadhili ambao tutaanza kuwatafuta mara tu foto za leo zikitoka vizuri. Naishukuru bajeti, ambayo ingekuwepo kama ingekuwepo. Na kwa namna ya pekee namshukuru mwenye kiwanja hiki, popote alipo, ambaye hajui kama tuko hapa.

(Papa Védaste alikata utepe kwa kisu chake, akang'oa mlango kati ya mawe. Benny na wenzake walimpokea, wakaulaza mlango juu ya chukudu. Kisha wakamnyanyua Josias, wakamketisha juu yake, mguu mbaya ukielekea mbele. Benny alimvua viatu. Josias alifumba macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa tangu hotuba ianze.)

Pale! Waheshimiwa, tazameni pale! Nani alisema kituo hakipo? Kituo kimeanza kazi mbele ya macho yenu, mgonjwa wa kwanza amelazwa! Jeancy, piga foto, upesi, mlango uonekane wote! Makofi kwa kituo! Makofi, ndugu zangu, namna hii!

(Papa Coordo alipiga makofi kwa nguvu, mikono juu ya kichwa. Hakuna mwingine aliyepiga. Aliendelea kidogo peke yake, kisha akapunguza, kisha akaacha.)

(Sylvie, kwa sauti ya ofisini: "Papa Coordo, umesaini.")

Samahani?

(Sylvie: "Kifungu cha tisa. Misimu mitano, kuanzia dimanche." Benny alileta viatu vya Josias, akaviweka juu ya meza ya heshima, kati ya maua na chupa za maji, sponji ya godoro ikichungulia nje.)

(Josias, kutoka juu ya mlango: "Viatu iko na mto, Papa Coordo. Saa tisa. Usichelewe.")

Ndugu zangu, tusifanye mzaha na maandishi. Kifungu kile kinahusu wachezaji. Mimi ni Mratibu.

(Benny: "Wa muda.")

Sawa. Sawa, tuzungumze kama watu wazima. Mimi siku zote nimekuwa mtu wa kusikiliza, na nimeguswa, nasema nimeguswa sana, na hali ya huyu kijana. Sylvie, chukua lisansi hii, mpelekee Josias, mpelekee haraka kabla hawajaondoka. Aende apumzike msimu mzima kama daktari alivyosema, na dunia nzima ishuhudie kwamba komite yangu imekubali rasmi, kuanzia dakika hii, kwamba kisigino kikiuma mtu halazimishwi kucheza.

(Sylvie alivuka mawe, akaweka lisansi mkononi mwa Josias, akamfumbisha viganja vyote viwili juu yake. Josias aliitia ndani ya shati. Mama Angèle alikuwa analia, naye hakujificha. Chukudu ilianza kusukumwa kuelekea barabara ya Sake.)

Asanteni. Na kwa kuwa sasa kanuni hiyo imepita, naomba niwafunulie jambo ambalo kwa unyenyekevu sikupenda kulitaja. Mimi mwenyewe, tangu utoto wangu, hasa nikiteremka kwenye gari, kisigino changu...

(Umati wote, na hema zote: Ni cha timu.)

Sikatai, sikatai, lakini haya maumivu...

(Umati: Ni ya mchezaji.)