Wali wa Maikrowevu na Friji Isiyo na Kosa

Jumatatu, 9 Desemba

Nimemkosea mke wangu. Naandika hapa kwa sababu mdomoni hayatoki.

Tangu binti yetu Dasom aende chuo Seoul, Mama Dasom hucheza naye gemu kila jioni kwenye kompyuta. Wanavaa hedifoni, wanaua majoka, wanaulizana kama mtu amekula. Mimi nakula peke yangu, natazamana na supu.

Juzi nilikuwa napasha wali wa kikopo. Mama Dasom akalalamika chumbani kwamba ameganda, joka linamtafuna. Maikrowevu ikazimika, naye akaganduka. Ruta ya waifai iko palepale juu ya maikrowevu. Nikaelewa: maikrowevu ikiwaka, inavuruga waifai. Mtandao ukigoma, mtu atakuja mezani.

Leo nimepasha vikopo vinne mfululizo. Alikuja kweli. Akaikagua ruta, akarudi chumbani. Wali wote nimekula mimi.

Jumanne, 10 Desemba

Mama Dasom anatafuta chanzo. Kaitoa simu yangu kwenye waifai. Kazima televisheni katikati ya taarifa ya habari. Kila akizima kitu anapima kasi ya mtandao, anasoma namba, anatikisa kichwa. Kampigia jirani wa juu. Kwake mtandao unateleza tu.

Nikashauri tule kwanza, akili ipate nguvu. Akasema, "Baba Dasom, hilo tumbo lako halina likizo?"

Nikapasha vitatu. Kwa hasira.

Jumatano, 11 Desemba

Leo nilizidisha. Sauti ya Dasom ilikuwa inakatikakatika, mama yake anarudia "Unasema? Unasema?" Mwishoni binti akasema waache kwanza, mpaka mtandao upone. Labda mpaka likizo.

Mama Dasom alibaki na hedifoni masikioni. Hakuna aliyekuwa anaongea humo. Nikamwita aje kula, akasema hana njaa.

Nilitaka kumwambia. Nikaosha vyombo.

Alhamisi, 12 Desemba

Mshukiwa kapatikana: friji ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachushwa. Ni mpya, imeingia jikoni mwezi uliopita, basi ndiyo inayovuruga mawimbi. Nikasema friji haina kosa. Akauliza nimejuaje. Nikaanza kuisukuma.

Ina kimchi ya majira yote ya baridi, kabichi juu ya kabichi. Nimeifikisha roshani, mgongo ukagoma. Mama Dasom akanilaza kwenye sakafu yenye joto, akanibandika plasta za maumivu, akipuliza kila moja kama mimi ni mtoto. Mikono yake ilinuka kitunguu saumu. Nilijisikia mwizi.

Akambembeleza Dasom wajaribu mara moja tu. Mimi sakafuni, maikrowevu siifikii. Mtandao ukatiririka kama maji! Nikamsikia akisema, "Baba yako ndiye kautengeneza. Kaumia mgongo kwa ajili yetu." Dasom akataka kunishukuru mwenyewe. Nikapewa hedifoni.

Nikasema si kitu, mwanangu.

Ijumaa, 13 Desemba

Wamenialika. Mama Dasom kaniwekea kompyuta ya zamani ya Dasom pembeni yake, tumekula wali wa kuviringishwa kwa mwani hapohapo, bega kwa bega. Sikumbuki jioni nzuri kama hii mwaka huu.

Lakini nimekufa mara tatu kabla joka halijageuka. Dasom akasema, "Baba, wewe kaa tu utushangilie." Mama yake akacheka mpaka akakohoa. Kisha wakaendelea bila mimi, wakisemezana haraka haraka, na mimi maiti kwenye nyasi.

Nikainuka kunyoosha mgongo. Nikajikuta jikoni. Kikopo kimoja tu.

Waliganda wote. Mama Dasom akavua hedifoni, akaitazama roshani kwa muda, akasema friji bado iko karibu mno. Nikamwambia inawezekana.

Jumapili Dasom anakuja kuchukua kimchi. Kabla hajavua viatu mlangoni, nitakuwa nimemwambia mama yake yote, tangu kikopo cha kwanza, na friji nitakuwa nimeirudisha jikoni kwa mgongo wangu huuhuu. Jumapili, kabla ya saa sita mchana.